Tunda linalokomaa: maana na asili ya neno ‘perseverance’

Kazi yangu ni kutafsiri karatasi za watu. Nina meza kwenye steshenari moja Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, na siku nyingi hupita mikononi mwangu vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba na ripoti za wanafunzi. Ripoti za shule ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu anayezileta ni mzazi, na mzazi husikiliza kila neno.

Mwezi Juni, shule zilipofunga, alikuja mama mmoja kutoka upande wa Tukuyu na ripoti ya binti yake wa kidato cha tatu. Yote ilikuwa ya Kiingereza. Chini kabisa, penye maoni ya mwalimu wa darasa, paliandikwa kwa kalamu ya bluu: ‘She shows great perseverance in Mathematics.’ Sikufikiri mara mbili. Nikaandika: “Anaonesha uvumilivu mkubwa katika Hisabati.” Mama akaisoma ile sentensi, akairudia, kisha akanitazama.

“Mwalimu, kwani hiyo hisabati inamfanya nini mwanangu mpaka aivumilie?”

Nikaanza kumweleza kwamba ni sifa nzuri. Akanikatiza kwa upole.

“Najua ni sifa, baba. Ila huyo uliyemwandika siye. Huyu mtoto anaweza kukaa na hesabu moja tangu jioni. Akikosa, anafuta. Akikosa tena, anageuza ukurasa, anaanza upya. Baba yake akizima taa, anawasha tochi ya simu. Sasa huyo anavumilia? Huyo anakomaa.”

Nilimwomba aniachie karatasi hadi kesho yake. Nimekuwa nikitafsiri ‘perseverance’ kuwa ‘uvumilivu’ kwa miaka, na kabla ya siku ile hakuna aliyewahi kuniuliza. Usiku ule nilitoa kamusi zangu zote mezani, na tangu hapo nimeendelea kulichimba neno hili, maana swali la mama yule lilikuwa na haki kuliko tafsiri yangu.

Tulifungue neno lenyewe kwanza. ‘Perseverance’ liliingia katika Kiingereza karne ya 14 kutoka Kifaransa, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa lugha ya watawala na ya mahakama baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Wafaransa nao walilirithi kutoka Kilatini: perseverantia, jina lililozaliwa na kitenzi perseverare. Kitenzi hicho kina vipande viwili. Cha kwanza ni per. Kikisimama peke yake maana yake ni kupita katikati ya kitu kutoka upande huu hadi ule. Kikitangulia neno jingine hulitia nguvu, kama sisi tunavyoongeza ‘kabisa’ au ‘hadi mwisho’. Kipande cha pili ni severus: mkali, asiye na mzaha, anayelichukua jambo kwa uzito wake wote.

Huyo severus ndiye mzazi wa neno la Kiingereza ‘severe’, ambalo hutumika kwa ukame mkali, adhabu kali na ugonjwa mkali. Ni jina la mtu pia. Septimius Severus, aliyekuwa mtawala wa dola ya Roma kuanzia mwaka 193 hadi 211, alizaliwa huku huku Afrika, katika mji wa Leptis Magna ulioko Libya ya leo, akafia York, Uingereza, katikati ya vita vyake vya kaskazini. Basi kwa asili yake, mwenye ‘perseverance’ ni mtu aliyekuwa mkali hadi mwisho. Mkali kwa nani? Kwa nafsi yake na kwa kazi iliyo mbele yake. Anajikaza mwenyewe asilegee. Pekua vipande vyote viwili, hutaona maumivu wala mateso, na hutaona kungoja.

Mkazo wa matamshi nao umehama. Leo Waingereza wanakandamiza silabi ya ‘ver’, inayotamkwa ‘vi’. Katika mistari ya Shakespeare, mkazo huangukia kwenye ‘sev’, pale pale penye ule ukali wa Kilatini, na mshairi yule wakati mwingine hukiandika kitenzi bila irabu ya mwisho. Ndani ya tamthilia ya Macbeth, kijana Malcolm anataja sifa zinazompasa mfalme, na katika orodha hiyo ‘perseverance’, ‘patience’ na ‘fortitude’, yaani ujasiri wa moyo, zimetajwa kila moja kwa nafasi yake. Kwa masikio ya wakati ule, basi, hayo yalikuwa mambo matatu tofauti. Ni sisi wafasiri tunaoyafungia kwenye gunia moja na kuandika juu yake ‘uvumilivu’.

Litazame hilo la pili, ‘patience’. Limetokana na kitenzi cha Kilatini pati, yaani kuteseka, kupatwa na jambo. Ndiyo sababu mgonjwa hospitalini anaitwa ‘patient’: ni mtu aliyepatwa. Ndiyo sababu pia Waingereza huyaita mateso ya Yesu ‘Passion’, kwa neno la ukoo uo huo. Mama wa Tukuyu hajui Kilatini, lakini sikio lake lilinasa kosa papo hapo. Mwalimu aliandika neno la mtu anayetenda. Mimi nikampa neno la mtu anayetendwa.

Kiingereza kina maneno mengine jirani, nayapitia kwa haraka tu kwa sababu kila moja lina picha yake. ‘Endure’ linatoka kwa durus, kigumu: anayefanya hivyo amekuwa mgumu kama mti mkavu. ‘Persist’ lina ndani yake kusimama, kwa hiyo ni kusimama hadi mwisho. ‘Tenacity’ linatoka kwa tenere, kushika, na ‘tenant’, yaani mpangaji, ni ndugu yake, maana naye ameshika nyumba au ardhi. ‘Grit’, ambalo siku hizi limejaa kwenye semina za vijana, maana yake ya kwanza ni changarawe.

Sasa turudi kwetu. Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Tatizo ni kwamba tumeyaacha yakae pamoja bila kuyatenganisha, na kamusi nyingi zinayaorodhesha kwa mkupuo mmoja: uvumilivu, subira, saburi, ustahimilivu. Mwanafunzi akiona hivyo anadhani anaweza kuchukua lolote.

Subira tumeipata kwa Waarabu, sabr, na maana yake ya ndani ni kuzuia. Mwenye subira amejizuia: ulimi usiropoke, mkono usinyakue, moyo usitangulie mbele ya siku. Ustahimilivu nao asili yake ni Kiarabu, mzizi wa kubeba, ule ule uliotupa neno hamali. Nenda sokoni asubuhi uwaone mahamali wakishusha viazi kutoka kwenye lori, gunia limejazwa hadi lumbesa, mtu amekunja shingo, mishipa imesimama. Hiyo ndiyo picha iliyomo ndani ya kustahimili. Hamali hutembea, ni kweli, lakini neno linayasifu mabega yake, halisemi habari ya safari yake. Na kuvumilia, kwa masikio ya Mswahili yeyote, lazima kuwe na kitu kinachouma: njaa, maneno ya wifi, baridi ya Makambako mwezi wa saba. Tunamwambia mfiwa avumilie. Tunamwambia mke aliyeolewa kwenye nyumba ngumu avumilie, na mara nyingine tunamwambia hivyo tukijua wazi kwamba angefaa aondoke. Neno limebeba huzuni nyingi. Ukilibandika kwa binti anayependa kushindana na hesabu, linamgeuza kuwa mhanga wa hesabu.

Hapa nataka kulitetea neno la mama yule, kwa sababu nimegundua lina kina kuliko nilivyodhani.

Sote tunajua methali ya mvumilivu hula mbivu. Tafakari nani ni nani ndani yake. Mvumilivu ni mlaji. Amekaa chini ya mti, au nyumbani, anangoja. Kazi yote inafanywa na tunda. Na tunda, kabla halijawa bivu, lina hatua moja ambayo methali haikuitaja: kukomaa. Watu wa Rungwe na Njombe wanaijua vizuri hatua hiyo kwa sababu ya maparachichi. Parachichi la Hass, lile linalolimwa kwa wingi kwa ajili ya kuuzwa nje, haliivi likiwa mtini. Hukomaa mtini, huiva baada ya kuchumwa. Hayo ni mambo mawili, na anayeyachanganya anapata hasara. Ukilichuma changa, ukaliweka ndani ukangoja, litanywea, ganda litakunjamana, nyama yake itakuwa kama mpira, na halitaiva hata ulifunike kwa blanketi. Lililokomaa utalichuma gumu kama jiwe, ukae nalo siku kadhaa, litalainika lenyewe na ganda lake litatoka kwenye kijani na kuwa jeusi.

Mkulima atajuaje limekomaa, ikiwa kwa nje rangi ni ile ile ya kijani? Atachuma moja, alipasue. Kokwa la tunda changa limevikwa ngozi nene, nyeupe, yenye maji. La tunda lililokomaa limevikwa ngozi nyembamba, kavu, ya kahawia, kama karatasi ya zamani. Miezi yote ambayo mpita njia aliona tunda lile lile likining’inia mahali pale pale, ndani mafuta yalikuwa yakiongezeka. Mahindi nayo yana alama yake: punje ikishakomaa, ukiing’oa kwenye gunzi na kuikwangua kitako, utakuta doa jeusi. Kabla ya hapo, hata majani yawe yameanza kukauka, bado.

Ndiyo maana nasema mtaa ulifanya kazi nzuri ulipolichukua neno hili na kumpa binadamu. “Komaa, mwanangu,” anaambiwa kijana aliyeanza bodaboda ya mkataba. “Tumekomaa nayo mpaka ikatoka,” anasema fundi aliyeshinda chini ya gari. Ndani yake kuna ugumu, sawa na durus ya Kilatini. Kuna muda. Kuna kitu kinachoendelea kwa ndani hata kama kwa nje hakuna mabadiliko. Na kuna jambo ambalo uvumilivu hauna: anayekomaa ndiye mwenye kazi. Halafu, na hili ndilo linalonifurahisha zaidi, kuna mwelekeo. Tunda halikomai ovyo, linakomaa kuelekea kuwa tunda kamili. Wafaransa na Waingereza waliopokea neno la ukali wa hadi mwisho hawakupata picha nzuri kuliko hii.

Lakini neno hilo lina upande wa pili, na mtafsiri mwaminifu hawezi kuuficha. “Mbona unakomaa na mimi?” anauliza mtu aliyechoshwa na mbishi. Hapo kukomaa si sifa tena. Kung’ang’ania ndivyo kulivyo pia: tunamsifu aliyeng’ang’ana na masomo hadi akahitimu, na tunamlaani kiongozi aliyeng’ang’ania madaraka. Kitendo kwa nje kinafanana. Mtu ameshika kitu na hataki kuachia.

Warumi waliliona tatizo hili zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na nadhani jibu lao ndilo kiini cha neno zima. Cicero, mwanasiasa na msemaji maarufu wa Roma, katika kitabu alichokiandika akiwa bado kijana kuhusu ufundi wa kujenga hoja, alieleza perseverantia kwa maneno machache yaliyopimwa: ni kudumu kwa uthabiti na bila kukoma katika jambo lililofikiriwa vizuri. Usiyapite haraka maneno ya mwisho. Yakiondolewa, fadhila yenyewe inaondoka. Katika kitabu hicho hicho anasema kila fadhila ina kasoro inayopakana nayo ukuta kwa ukuta, na jirani wa perseverantia anamtaja kwa jina: pertinacia, yaani ukaidi, kushikilia kupita kiasi. Miaka mingi baadaye, mwaka 43 kabla ya Kristo, akihutubia Seneti, alisema kila mtu anaweza kukosea, lakini mpumbavu peke yake ndiye anayedumu katika kosa. Kitenzi alichotumia hapo kusema ‘anayedumu’ ni perseverare yenyewe. Kitenzi kile kile kimebeba sifa huku na lawama kule, na kinachoamua ni kile mtu anachodumu nacho.

Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa Kikatoliki, aliichukua hoja hii akaipangia mipaka miwili. Upande mmoja wa ‘perseverance’ kuna ulaini, wa mtu anayeacha mara jambo linapokuwa gumu. Upande wa pili kuna ukaidi, wa mtu anayeshikilia pale alipopaswa kuachia. Njia ipo katikati, na kuipata kunahitaji akili, haitoshi nguvu ya misuli.

Huku kwetu mfano wa hilo upo shambani. Mkulima wa viazi ambaye shamba lake limepatwa na mnyauko, akachagua mbegu kutoka kwenye viazi vile vile, akazirudisha kwenye udongo ule ule msimu baada ya msimu, hakosi bidii. Analima kweli, anaamka mapema kweli. Ila vimelea vya ugonjwa ule vimo udongoni na vimo ndani ya mbegu, na kila anaporudia anavilisha. Jirani yake aliyepumzisha eneo lile, akaweka mahindi kwanza, akatafuta mbegu safi, kisha akarudi kwenye viazi, naye hajaacha. Wote wawili hawajakata tamaa. Cicero angempa neno lake huyu wa pili tu.

Kuna mfano mkubwa zaidi, na kwa watu wa Iringa si mfano tu, ni historia yao. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, askari wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, waliuvamia msafara wa Wajerumani ukiwa njiani, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga. Watawala wengi wangesalimu amri hapo. Mkwawa aliingia porini, na kwa karibu miaka minne akawa anahama kutoka kilima hadi kilima, huku anawindwa, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi asije akakamatwa.

Utaliitaje jambo hilo? Aliyekuwa akimwinda atasema ukaidi. Uvumilivu haufiki, maana mtu huyu hakukaa akapokea yaliyompata. Subira ndiyo kabisa haifai. Ukilipima kwa kipimo cha Cicero, swali ni moja: jambo aliloshikilia lilikuwa limefikiriwa vizuri? Alishikilia kwamba nchi ya Wahehe isitawaliwe na wageni. Mimi naona jibu liko wazi, na ndiyo maana kwangu neno la Mkwawa ni ‘perseverance’ kwa uzito wake wote wa Kilatini, ukali hadi mwisho.

Na hadithi haikuishia kwenye kifo chake. Kichwa chake kilikatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6. Miezi 6 iligeuka miaka 35. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining alilikabidhi fuvu Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Ukienda Kalenga leo, fuvu limo makumbusho. Mimi nilisimama mbele ya kile kioo nikiwa mwanafunzi, na ninachokumbuka ni kimya. Darasa zima la watoto wenye kelele lilinyamaza bila kuambiwa.

Nilipokuwa bado natafuta neno moja la Kiswahili linalokalia mahali pa ‘perseverance’ bila kupwaya, nilifikiria wale waliolazimika kulitafuta kabla yangu, yaani wafasiri wa Biblia. Nyanda hizi zimejaa makanisa, Wamoraviani walianza Rungwe mwaka 1891, mwaka wa Lugalo, kwa hiyo maneno ya Biblia ya Kiswahili yamo vinywani mwa watu hata wasiosoma kitabu kingine. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, ‘perseverance’ limetokea mara moja tu: Waefeso sura ya 6, mstari wa 18, kwenye habari ya kukesha na kuomba. Fungua mstari huo katika Biblia yetu ya Muungano. Utakuta wafasiri hawakuweka uvumilivu wala saburi. Waliweka ‘kudumu’.

Nikadhani ni bahati. Nikaenda Matendo ya Mitume, sura ya 2 mstari wa 42, habari ya waumini wa kwanza na kuumega mkate. Biblia ya Kilatini pale inasema perseverantes, neno letu lenyewe. Kiswahili kinasema: wakidumu. Kudumu, asili yake Kiarabu, ndugu wa daima. Halina machozi ndani yake. Ni kuendelea kuwepo katika kitendo, leo na kesho na keshokutwa.

Saburi nayo ina mahali pake, Warumi sura ya 5, ambapo Paulo anasema dhiki huleta saburi. Hapo kuna dhiki, mtu amebanwa, na neno la Kilatini ni la ukoo wa ‘patience’. Jambo la kuvutia ni kwamba Biblia ya Kiingereza ya 1611 iliandika ‘patience’ hapo, na tafsiri kadhaa za siku hizi zimeandika ‘perseverance’. Kwa hiyo Waingereza nao wanalisogeza neno lao, wanaliingiza kwenye eneo la mateso. Mtu asije akaniambia maana zimegandishwa. Lakini kusogea kwa mpaka hakuondoi mpaka.

Kama bado una shaka, mchukue yule asiye na hisia kabisa. Tarehe 18 Februari 2021 gari la utafiti la shirika la anga la Marekani, NASA, lilitua kwenye sayari ya Mirihi, ndani ya kreta ya Jezero, shimo kubwa lililoachwa na kimondo. Jina lake ni Perseverance. Lilipendekezwa na mwanafunzi, Alexander Mather, katika shindano la insha la watoto wa shule. Ndugu zake waliotangulia walikuwa wameitwa Curiosity (udadisi), Spirit (ari) na Opportunity (fursa), na kijana yule alisema kwamba sifa hizo zote za binadamu zilikosa mwenzao mmoja aliye muhimu kuliko wote. Sasa litafsiri jina hilo. Gari la Uvumilivu? Chuma hakiumwi. Hakingoji, hakijizuii ulimi. Kinachofanya ni kusogea kwenye vumbi, kutoboa mwamba, kukusanya, kusogea tena. Lilipangiwa kazi ya angalau mwaka mmoja wa Mirihi, ambao ni siku 687 za kwetu, na likaupita mwaka huo likiwa bado linakwenda. Hilo linadumu. Kijana wa Mwanjelwa angesema limekomaa.

Basi mimi sasa natafsiri hivi. Kama karatasi inamzungumzia mtu aliyebanwa na shida asiyoweza kuiondoa, kuvumilia ni neno lake na sitalibadilisha. Kama amebeba mzigo mzito bila kuanguka, kustahimili. Kama anangoja wakati wake bila papara, subira. Lakini kama anarudia, anafuta, anaanza upya, na anajua kwa nini anarudia, nakwepa jina na kutafuta kitenzi. Kiingereza kinapenda majina, kinasema mtu ‘ana’ kitu fulani au ‘anaonesha’ kitu fulani. Kiswahili kinaishi kwenye vitenzi: hachoki, harudi nyuma, hakati tamaa, anadumu, anakazana, hakiachii mpaka akipate. Wazee waliotaka kusema jambo hili hawakuunda jina refu linaloanza na ‘u’. Walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Humo kuna kamba, kuna jiwe, na kuna kitendo kinachorudi pale pale kila mara.

‘Kukomaa’ sikuliweka kwenye ripoti. Nililitamani sana. Ila ripoti ile ingeweza kupelekwa kwa mtu wa ofisini wa kuombea ufadhili, na huko neno hilo bado linanuka stendi. Msomaji angeona uhuni badala ya sifa. Naamini siku yake itafika. Maneno mengi tunayoyaona ya heshima leo yalianzia sokoni.

Kesho yake saa nne mama alirudi, ameshika mwavuli japo mvua haikuwepo. Nikampa karatasi mpya. Nilikuwa nimeandika: “Katika Hisabati, hachoki kurudia mpaka apate, na hakubali kuacha swali njiani.” Akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho akatabasamu, akarudi mwanzo.

“Ndaga fijo,” akasema, akinishukuru kwa Kinyakyusa. “Huyu ndiye.”

Kisha akaomba nimtolee kopi moja zaidi, ya baba yake, yule anayezima taa.